Ile ya Maji au Ile ya Maziwa?

“Dada, insulini yake ni ile angavu kama maji, au ile ya maziwa?”

Muuguzi aliniuliza hivyo saa kumi na moja alfajiri, mwanzoni mwa Aprili 2024, Ramadhani ikielekea ukingoni. Tulikuwa kwenye korido ya kituo cha afya. Nilikuwa peku. Kanga yangu ilikuwa imelowa mpaka kifuani na inanuka tope la Mto Msimbazi. Mama alikuwa kwenye benchi, ameegemea ukuta kwa bega lake zima, mkono wa kushoto umelala mapajani kama mzigo aliopewa amshikie mtu. Jasho lilikuwa linamtoka. Nilipomwita aliitikia, lakini aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha fariki.

Sikujua.

Pesa ya dawa yake ya kisukari natuma mimi, kila mwisho wa mwezi, bila kukosa. Najua bei ya ile chupa kwa kichwa. Lakini sikuwahi kuishika mkononi na kuitazama ndani.

Aliyejua alikuwa mjukuu wake wa miaka 15, anayeishi naye na kumshikia chupa kila asubuhi na jioni, kwa sababu mama hujichoma kwa mkono mmoja. Huyo tulikuwa tumemtanguliza shuleni, mahali pa kujihifadhi, pamoja na watoto wadogo. Simu hana. Daftari la kliniki lilikuwa ndani ya maji.

Muuguzi, Mungu ambariki, hakukisia. Alimpima kwanza, akakuta sukari imeshuka, akamkorogea glukosi akamnywesha kwa kijiko, taratibu, huku akimwongelesha. Baadaye ndipo bodaboda akatumwa shuleni kumuuliza mtoto. Akarudi na jibu neno kwa neno: “Ya maziwa. Asiitikise, aizungushe kwanza viganjani.”

Ni wiki kadhaa sasa, na sentensi hiyo ya mtoto haijaniondoka.

Friji lilielea

Watu wa bondeni hawahitaji nieleze maji yanavyoingia. Nitasema tu kwamba usiku ule waliokuwa macho kwa ajili ya daku ndio waliotuamsha, na kama usingekuwa mwezi wa mfungo sijui ningekuwa naandika nini leo. Nilikuwa nimekwenda kulala kwa mama. Nilifika usiku, yeye ameshachoma sindano yake, na chakula alikuwa amekigusagusa tu akasema hana hamu. Nikasema sawa, atakula asubuhi. Sikujua kwamba sindano ikishaingia bila chakula cha kutosha, sukari inashuka yenyewe, na kwamba jasho la sukari kushuka na jasho la hofu yanafanana kabisa usoni. Mama alipoanza kutetemeka na kuongea maneno yasiyoshikana, sote tulidhani ni woga wa maji.

Friji lilielea. Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria, kwamba kitu kizito vile kinaweza kunyanyuka taratibu, kikalala ubavu, kikaanza kugongagonga ukuta gizani kama mtu anayebisha hodi. Insulini ilikuwa mlangoni mwake.

Mimi niliokoa bahasha ya hati ya nyumba.

Kaka alimbeba mama mgongoni. Kumbeba mtu mgongoni kunataka abebwaye naye ashike, na mama tangu kiharusi cha 2021 ana mkono mmoja wa kushikia. Kaka alipohisi anateleza, akaukamata ule mkono wa kushoto akauvuta mbele shingoni mwake. Mama alipiga ukelele ambao nausikia mpaka sasa. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza bila kutulaumu: mkono uliopooza hauvutwi. Misuli inayoshikilia bega imelegea, na kiungo kinaweza kuchomoka mahali pake kwa nguvu ndogo tu. Akatuonyesha njia nyingine. Kiti cha plastiki cha kawaida, mgonjwa akae, apitishiwe kanga kifuani na nyingine mapajani, mkono mlegevu ulazwe ndani ya ile kanga ya kifuani, watu wawili wanyanyue, mmoja nyuma na mmoja mbele. Ilichukua dakika tatu kujifunza. Viti vya plastiki tulikuwa navyo sita nyumbani.

Kuna hatua kama kumi pale mlangoni ambazo mama alitembea mwenyewe, majini, ndala imeshakwenda zake. Hakulalamika, kwa sababu nyayo zake zina ganzi miaka mingi. Siku mbili baadaye, mjukuu wake alipokuwa anamuosha miguu, akakuta mchano chini ya kidole kidogo, mdomo umeshaanza kuwa mweupe. Yale maji yalikuwa yamepita kwenye vyoo vya mtaa mzima.

Kidonda kile ndicho kilichonifanya niandike. Nilihamia kwa mama nikimsafisha kila asubuhi, na mtu akipiga magoti mbele ya mguu wa mama yake kila siku ana nafasi kubwa ya kufikiri.

“Usitie uchuro”

Idi pili tulikuwa wote. Nikasema tukae tupange: mvua zikirudi, nani afanye nini kwa mama. Kaka yangu aliweka kikombe chini.

“Usitie uchuro, dada. Mama yupo hapa mzima, wewe unampangia maafa.”

Namwelewa. Tumelelewa hivyo wote. Kulitaja baya ni kuliita, na kumfungia mzee mzigo wa dharura ni kama kumshonea sanda kabla ya siku yake. Nimewahi kumwona mama mwenyewe akimfukuza wakala wa bima ya mazishi kwa ufagio. Kwa hiyo nilinyamaza, na nitakiri kwamba sehemu yangu moja ilifurahi kunyamaza. Nilikuwa na shaka na mimi mwenyewe. Je, nilikuwa naogopa kwa ajili yake, au nilikuwa naogopa tu kusimama tena kwenye korido na kuulizwa nisichokijua?

Usiku ule sikulala, nikawa nasoma. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans na maeneo ya jirani mwaka 2005, katika jimbo la Louisiana karibu nusu ya waliokufa walikuwa na miaka 75 au zaidi. Marekani hiyo, yenye helikopta na barabara. Wazee walikuwa sehemu ndogo tu ya wakazi. Nikafunga simu nikakaa gizani. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Aprili, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimekwisha ua watu 155 nchini na kuathiri zaidi ya 200,000. Nilikuwa nabadilisha bandeji redio ikisema. Nikajiuliza wangapi kati ya wale 155 walikuwa wamekaa kitandani wakingoja kubebwa.

Mama naye alikuwa anasikiliza. Hakusema kitu.

Wahame, kwa miguu ya nani?

Kila masika tangazo ni lile lile, nasi tumelizoea kama adhana: waishio mabondeni wahame. Sibishani nalo. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari, redio zinasoma, na mtaani kwetu gari la matangazo lilipita siku mbili kabla. Tulilisikia wote. Kijana akisikia “hameni” anabeba godoro. Mama akisikia, anatazama mlango.

Nilikwenda ofisi ya mtaa kuuliza swali moja: ipo orodha ya wazee wasioweza kutembea? Niliyemkuta alinipokea vizuri, akafungua kabati. Ipo orodha ya kaya maskini. Ipo ya vyandarua. Ipo ya wapangaji. Alipekua mpaka nikaona aibu kwa niaba yake, kisha akasema, “Kwa kweli, mama, hiyo hatuna. Lakini wengi nawajua kwa sura.”

Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ni ya 2022, na imeweka kamati kuanzia juu mpaka huku chini tulipo. Nazisema kwa heshima, kwa sababu nchi nyingi hazina hata hizo. Ila usiku wa manane, maji yakiwa magotini, kinachohitajika ni kijana mmoja anayejua kwamba nyumba ya tatu kutoka mwembeni kuna bibi asiyenyanyuka upande wa kushoto. Mtaani kwetu kujua huko kumo vichwani mwa watu wawili watatu, na mmoja wao ni mtoto wa shule.

Nilichofanya ni kidogo. Nilizunguka na mjumbe wetu nyumba ishirini na kitu, tukaandika kwenye daftari: nani hatembei, nani yuko kwenye mashine ya hewa, nani anasafishwa figo na siku zake ni zipi, nani haoni. Tulipata kumi na mmoja. Kumi na mmoja katika nyumba ishirini na kitu! Nyumba nyingine tulikaribishwa chai. Nyingine, mkwe alitujibu dirishani kwamba mgonjwa amelala, na nyuma yake tukamsikia mzee mwenyewe akiuliza, “Ni kina nani hao wanaoniulizia?”

Swali hilo la yule mzee nilirudi nalo nyumbani.

Kwa nini hakunywa maji

Kuna jambo nililiruka hapo juu. Kutoka kituo cha afya tulirudi na mama pale shuleni, tukakaa siku mbili. Darasa moja, watu wasiopungua arobaini. Watu walikuwa wema mno. Jirani mmoja alileta chupa mpya ya insulini aliyoinunua kwa pesa yake, na kwa kuogopa isiharibike akaizamisha kwenye barafu za mifuko zile wanazouza watoto. Asubuhi ilikuwa imeganda. Insulini ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Hakujua, nami sikujua, na siwezi kumwambia mpaka leo. Akisoma hapa, nimshukuru tu.

Siku ya pili mama alikuwa amekauka. Midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Daktari alipokuja kuzungukia akauliza kama anaharisha. Haharishi. Anatapika? Hapana. Akaandika “apewe maji mengi”, akaenda kwa mwingine. Nikampa. Akapokea kikombe, akasema ahsante mwanangu, akakiweka.

Nilidhani ni udhaifu. Nilidhani ni umri. Nikamwambia kaka, mama ameanza ukaidi.

Mwishoni mwa Aprili, asubuhi moja, nikiwa na mguu wake pajani, nikajikuta namuuliza kile ambacho sikumuuliza siku zote zile. Sikumuuliza anataka tufanye nini mvua zikija. Nilimuuliza, “Mama, pale shuleni ulikuwa unaogopa nini?”

Alikaa kimya muda mrefu. Nikamaliza kufunga bandeji.

“Choo,” akasema.

Choo cha shule ni cha kuchuchumaa, na yeye hawezi kuchuchumaa. Kwenda kwake chooni kunataka mtu wa kumshika, mtu wa kumfunua na mtu wa kumsafisha, na pale darasani kulikuwa na wakwe, kulikuwa na vijana aliowafundisha madrasa, kulikuwa na mwanamume aliyewahi kumposa miaka ya sabini. “Nikasema nisipokunywa sitakwenda. Siku mbili si nyingi.”

Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza hesabu aliyoipiga vizuri.

Na usiku wa maji, je? Nikakumbuka kwamba kaka alipoingia kumbeba mara ya kwanza, mama alikataa. Alisema mtuache, nendeni na watoto. Tulimbishia, tukampigia kelele, tukapoteza dakika ambazo hatukuwa nazo, na kwenye simulizi zetu zote baada ya pale tumekuwa tukisema “mama alikuwa amechanganyikiwa”. Sukari ilikuwa imeshuka, ni kweli. Lakini nilipomuuliza, alikumbuka. Alikuwa na gauni la kulalia tu, na nje kulikuwa na tochi za watu.

Sisi tulikuwa tunaokoa mwili wake. Yeye alikuwa anaokoa stara yake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemwambia kwamba vyote viwili vinaweza kutoka kwenye mlango ule mmoja.

Mkoba wenye vibanio

Safari hii hatukufanya kikao. Nilileta mkoba mtupu, ule wa turubai wenye zipu, nikauweka kitandani kwake nikamwambia, “Mama, panga wewe.”

Kaka alikuwepo. Hakusema uchuro.

Za dawa tulishirikiana. Mjukuu aliandika upya kila dawa kwenye karatasi ngumu, jina kama lilivyo kwenye boksi, na miligramu, na saa. Muuguzi yule yule ndiye aliyetuonya tusiandike “kidonge cha pinki cha presha”, kwa kuwa kiwanda kikibadilika rangi inabadilika. Kwenye insulini mtoto akaandika YA MAZIWA kwa herufi kubwa, na idadi ya yuniti asubuhi na jioni. Nakala moja mkobani kwenye mfuko wa nailoni, moja kwenye simu yangu, moja kwa kaka, moja imebandikwa nyuma ya mlango pamoja na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Dawa za akiba zilinisumbua zaidi, maana tunapewa za mwezi, hazizidi. Nilianza kwenda kuchukua zikiwa zimebaki za siku saba badala ya kungoja ziishe, na hizo saba zikawa za mkobani. Kila mwezi zinabadilishana, za mkobani zinatumika kwanza, mpya zinaingia. Pembeni, pakiti ya sukari na biskuti.

Insulini inayotumika inaweza kukaa nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisivuke nyuzi 30 hivi. Dar es Salaam hilo ni sharti zito. Mama akacheka akasema kabla ya friji watu waliishi. Akatoa mtungi wake mdogo, akaweka maji, akatumbukiza kopo kavu lenye mfuniko, chupa ndani. Wataalamu wa kisukari wamewahi kuvipima vyungu vya udongo wakaona vinashusha joto la kutosha kuilinda insulini, ingawa kwenye unyevunyevu wa masika mtungi haupoi kama unavyopoa kaskazi. Nao ni bora kuliko mfuko wa barafu, hilo nina uhakika.

Kisha akapanga vyake. Pampasi za watu wazima, ambazo miaka mitatu tulikuwa tunaogopa kumtajia, alizitaja yeye. Gauni pana la heshima, lililokunjwa juu kabisa ili liwe la kwanza kushikwa. Ushungi. Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza. Ndala zenye kamba ya nyuma. Shuka moja kubwa, kuukuu.

Na vibanio vinne vya nguo.

Nikauliza vibanio vya nini. Akanitazama kama ninavyotazamwa nikiuliza chumvi inakaa wapi. “Pazia,” akasema.

Ijumaa ya Hidaya

Mnajua yaliyofuata. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kimbunga Hidaya kikiwa bado baharini, kinakuja upande wa Mafia. Mji ukawa na ile hofu ya kimya. Kidonda cha mama kilikuwa bado hakijafunga.

Ijumaa tarehe 3 Mei, mchana, kabla hata sijampigia, alinipigia yeye. “Mwanangu, njooni mnipeleke kwa mama yako mdogo. Mkoba upo tayari. Njooni na kiti.”

Kimara, anakoishi mama mdogo, ni juu, maji hayafiki. Kaka na kijana wa jirani walimnyanyua kwenye kiti cha plastiki, kanga mbili, mkono wake umelazwa kifuani, mchana kweupe, watu wakiamkia shikamoo na yeye akiitikia marahaba akiwa juu kama bibi harusi. Niliona aliuweka ushungi vizuri kabla ya kupita kwa fundi cherehani.

Kwa mama mdogo nyumba ilijaa. Binamu, watoto, wageni wengine waliokimbia bonde. Chumba tulichopewa tulikuwa saba. Usiku upepo ulivuma, bati likapiga kelele, alfajiri umeme ukakatika. Hidaya kilikuwa kimepungua nguvu kilipofika nchi kavu, na kwetu ikawa mvua na matawi barabarani. Mtu angeweza kusema tulijisumbua bure.

Kabla ya kulala, mama alimwita mjukuu wake. Wakafunga kamba kutoka nondo ya dirisha mpaka msumari wa kabati, pembeni. Mtoto akatundika shuka, kibanio kimoja, cha pili, cha tatu, cha nne. Nyuma yake wakaweka kigoda na lile kopo. Mama akalitazama pazia kwa makini, akamwambia alishushe kidogo upande wa kulia, panaonekana.

Mtoto akalishusha.

Mama akageuka kwangu, akaomba maji. Nikampa glasi. Akanywa yote, akanirudishia, akasema niongeze.